Mwanamume Naye Ana Titi

Titi la mwanamume hupimwa akiwa amelala chali, viganja kavilaza kisogoni. Daktari huweka kidole gumba upande mmoja wa titi na kidole cha shahada upande wa pili, kisha huvisogeza taratibu kuelekea kwenye chuchu. Vidole vikikutana bila kuzuiwa na chochote, kilichojaza kifua ni mafuta, na mazungumzo yatakayofuata ni ya uzito na mlo. Vikigusa kisahani cha nyama kinachonesa, kimekaa katikati kabisa chini ya chuchu, hiyo kwa kawaida ni tezi ya titi iliyokua, hali ambayo madaktari huiita jinekomastia. Vikikuta donge gumu lililokaa pembeni, haliumi wala halisogei vizuri, mgonjwa haondoki siku hiyo bila karatasi ya vipimo. Kazi yote haifiki dakika tano, na haihitaji mashine.

Wanaume wachache sana wamewahi kupimwa hivyo, kwa kuwa wengi hawajui kama wana titi la kupimwa. Wanalo. Mpaka umri wa balehe, kifua cha mvulana na cha msichana havina tofauti ya maana: chuchu, mirija michache nyuma yake na mafuta kidogo. Msichana akikua, homoni ya estrojeni huirefusha mirija ile, na kwa kusaidiana na projesteroni huchipusha vitezi vya maziwa mwishoni mwake. Kwa mvulana, testosteroni huizuia safari hiyo, lakini haiifuti mirija. Inabaki pale pale maisha yote. Saratani nyingi za matiti, kwa wanawake na kwa wanaume, huanzia kwenye kuta za ndani za mirija hiyo. Ile inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa ni adimu mno kwa mwanamume, maana vitezi vyenyewe kwa kawaida hana.

Mwili wa mwanamume nao hutengeneza estrojeni. Sehemu ndogo hutoka kwenye korodani, na sehemu kubwa hutokana na testosteroni yenyewe, ambayo kimeng'enya kiitwacho aromatase huigeuza, hasa ndani ya mafuta ya mwili. Kwa hiyo kifua chake kinaishi juu ya mizani: upande huu testosteroni inakituliza, upande ule estrojeni inakihimiza kikue. Estrojeni haihitaji hata kuongezeka. Testosteroni ikipungua tu, mizani imeshainama. Ukiishika hoja hii, sehemu kubwa ya maradhi ya titi la mwanamume inaeleweka, kuanzia ya mtoto mchanga hadi saratani ya mzee wa miaka 70.

Ziko nyakati tatu ambapo mizani huinama bila ugonjwa wowote. Wa kwanza ni siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, mtoto akiwa bado na homoni za mama yake mwilini. Vichanga wengi, wa kike kwa wa kiume, huvimba matiti, na baadhi hutoa matone ya maziwa. Wapo bibi wanaoyakamua ili yaishe haraka. Yaachwe, huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa, na kule kukamua ndiko kunakoingiza bakteria na kuzalisha jipu. Wa mwisho ni uzeeni, testosteroni inapopungua na mafuta yanapoongezeka.

Katikati kuna balehe, na hii ndiyo inayoumiza roho. Zaidi ya nusu ya wavulana huota kisahani chini ya chuchu moja au zote mbili, hasa wakiwa na miaka 13 au 14, kwa sababu estrojeni hutangulia kupanda kabla testosteroni haijashika usukani. Panauma pakigongwa na mpira. Kwa walio wengi hali hiyo hupotea ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Lakini miaka miwili ya bweni ni mirefu kwa kijana anayeoga mbele ya wenzake na aliyekwisha kupewa jina la utani. Atavaa sweta jua kali, atajitoa kwenye timu, atajifanya anaumwa siku ya kuogelea. Somo la balehe huwaambia wavulana habari za sauti na ndevu, na hili mara nyingi hurukwa. Sentensi mbili za mwalimu zingewatosha: kwamba ni kawaida, na kwamba litapita.

Kwa mtu mzima aliyeota matiti, swali la kwanza ni hili: unatumia dawa gani? Kwa ukanda wetu si swali la kupita njia. Efavirenz, iliyokuwa sehemu ya tiba ya kwanza ya VVU kwa miaka mingi Tanzania, Kenya na Uganda, ni mojawapo ya dawa zinazojulikana kukuza matiti ya wanaume. Imepungua sana kutumika tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipa dolutegravir nafasi ya kwanza mwaka 2019, lakini wapo walioota matiti enzi hizo na bado wanayo. Orodha inaendelea: spironolactone inayopewa wagonjwa wa moyo na wenye maji tumboni, vidonge vya ketoconazole vya fangasi, cimetidine ya vidonda vya tumbo, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama risperidone, na dawa za kuzuia homoni kwa wagonjwa wa tezi dume. Hakuna hata moja ya kuachwa kwa uamuzi wa nyumbani. Anayeacha dawa za VVU kimyakimya kwa sababu ya kifua anabadilisha aibu kwa hatari. Dawa hubadilishwa na daktari, na nyingi zina mbadala.

Kisha kuna vijana wa jimu. Sindano za steroidi za kujaza misuli ni testosteroni au ndugu zake, na mtu angetarajia zikaushe titi kabisa. Kumbe ziada ile hugeuzwa na aromatase kuwa estrojeni, na mtu akiziacha ghafla, korodani zake zilizokwisha kulala hazizalishi testosteroni ya kutosha. Mizani inaelemewa pande zote mbili. Ndiyo maana katika jimu yoyote yenye sindano hizo hukosi kusikia minong'ono ya dawa za kuzuia matiti.

Dawa zikishaondolewa kwenye hesabu, zinabaki ogani. Ini ndilo linalosafisha estrojeni kwenye damu, na likijaa makovu, kwa pombe au kwa homa ya ini aina B, linaiacha izunguke. Mgonjwa huyo huyo akianzishwa spironolactone ya kutoa maji tumboni, anapigwa mara mbili. Figo zilizoshindwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nazo zimo. Zipo pia korodani: uvimbe mdogo huko unaweza kumwaga homoni zinazokuza matiti, na matiti yakawa dalili ya kwanza kuonekana. Daktari makini, akishamaliza kifua, huomba mgonjwa ashushe na suruali. Wagonjwa hushangaa, wengine hukasirika, lakini anayeruka hatua hiyo anaweza kuiacha saratani ya korodani kwa kijana wa miaka 25, na hiyo ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zikiwahiwa.

Mengine ni ya kawaida zaidi: vivimbe vya mafuta, vifuko vya ngozi vilivyoziba, majipu karibu na chuchu, hasa kwa wavuta sigara na wenye kisukari. Hata kifua kikuu huweza kuingia kwenye titi, ingawa ni nadra.

Je, jinekomastia hugeuka kuwa saratani? Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba hugeuka. Yanafanana kwa chanzo, kwa kuwa mizani ile ile ikiinama miaka mingi inaweza kuleta yote mawili, lakini kisahani cha kijana wa miaka 14 si mbegu ya donge la uzeeni. Chenyewe hutibiwa kwa kusubiri, au kwa kuondoa kilichokisababisha. Kikikaa zaidi ya mwaka hukakamaa na kuwa kovu, na hapo dawa hazikiyeyushi tena. Anayekerwa nacho hukatwa.

Sasa saratani. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, mwanamume huwa takriban mmoja. Marekani, kwa makadirio ya Jumuiya ya Saratani ya nchi hiyo, hupata karibu wanaume 2,800 wapya kwa mwaka, na zaidi ya 500 hufariki. Wengi wana miaka 60 na kuendelea. Hatari hupanda kwa wenye ini bovu, walionenepa sana, waliopigwa mionzi kifuani, na wenye hali ya Klinefelter, yaani waliozaliwa na kromosomu ya X ya ziada. Hawa wa mwisho ni takriban mwanamume mmoja kati ya 600; korodani zao ni ndogo, testosteroni yao ni haba, na hatari yao ni makumi ya mara ya ile ya wanaume wengine. Wengi wao hawajui hali yao mpaka waanze kuhangaikia mtoto.

Kuhusu Afrika kuna takwimu inayozunguka kwenye makala za kitabibu kwa miongo mingi: kwamba Uganda wanaume walikuwa takriban asilimia 5 ya wagonjwa wa saratani ya matiti, na Zambia hadi asilimia 15. Maelezo yaliyotolewa ni ini. Huku homa ya ini B imeenea, kichocho kimetanda kando ya maziwa makuu, makovu ya ini ni mengi, basi estrojeni inabaki kwenye damu ya wanaume. Ni maelezo yenye mantiki na nadhani yana sehemu ya ukweli. Lakini asilimia hudanganya mtu asiyeuliza ni asilimia ya nini. Hospitali ikiwa na wagonjwa 40 wa saratani ya matiti, wawili wakiwa wanaume, hiyo ni asilimia 5. Wanawake wakiongezeka hadi jumla ikawa 200, wanaume wale wale wawili wanakuwa asilimia 1. Hakuna aliyepona wala aliyeepushwa. Zamani saratani hii ilikuwa chache miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki, waliozaa mapema na kunyonyesha miaka mingi, na wengi waliougua hawakufika hospitali ya rufaa kuhesabiwa. Kwa hiyo naisoma takwimu hiyo zaidi kama habari ya wanawake walioachwa nje ya daftari kuliko ya wanaume waliolaaniwa na ini. Chanjo ya homa ya ini B, ambayo sasa watoto wetu huipata wakiwa wachanga, itapunguza makovu ya ini vyovyote itakavyokuwa.

Hapa ndipo panapokera. Titi la mwanamume ni dogo, na donge la ukubwa wa punje ya harage haliwezi kujificha humo kama linavyojificha kwenye titi kubwa. Ilitakiwa wanaume wawe wa kwanza kugundulika. Mambo yako kinyume: zaidi ya theluthi moja hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye tezi za kwapa au mbali zaidi. Na udogo ule ule ulioweza kuwaokoa unageuka kuwaangamiza, kwa sababu donge halina safari ndefu. Sentimita moja mbele kuna ngozi na chuchu, sentimita moja nyuma kuna msuli wa kifua. Linatoboa nje kuwa kidonda au linang'ang'ania ndani haraka kuliko lingefanya kwa mwanamke.

Dalili zenyewe si za kubahatisha: donge lisilouma nyuma au pembeni ya chuchu, chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuingia ndani, ukurutu wa chuchu moja usiopona kwa krimu, kidonda, damu. Mathew Knowles, baba yake Beyoncé, alianza kuona vidoa vidogo vya damu kwenye fulana zake nyeupe, na mkewe akamwambia amekwisha kuviona kwenye mashuka pia. Hilo lilikuwa mwaka 2019, akiwa na miaka 67. Miaka ya nyuma Knowles alifanya kazi katika kitengo cha tiba cha kampuni ya Xerox, akiuza mashine za kupiga picha za matiti. Alijua maana ya damu kwenye chuchu. Akaenda, akapigwa picha, akafanyiwa upasuaji ugonjwa ukiwa hatua ya kwanza. Ni wanaume wangapi wangeona doa kwenye fulana wakaacha kulaumu sabuni, dobi au kipele?

Kosa si la wagonjwa peke yao. Mzee akilalamikia uvimbe kifuani, zahanati humpa antibiotiki na dawa ya maumivu, akamaliza dozi, akapewa nyingine. Kila Oktoba mabango ya utepe wa pinki hujaa picha za wanawake. Si jambo baya, ila sentensi moja chini ya bango, kwamba na mwanamume huugua, isingemgharimu mtu chochote. Kinachohitajika mwanzoni si kingi: mikono ya daktari, ultrasaundi, na kukatwa kinyama kwa sindano nene kikapelekwa maabara. Mamogramu nayo hupigwa kwa mwanamume bila shida. Anayethibitika huelekezwa kwenye hospitali kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi au Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Oncology, kwa kumbukumbu za wanaume zaidi ya 16,000 wa Marekani, ulionyesha kwamba miaka mitano baada ya kugundulika wanaume asilimia 77.6 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 86.4 ya wanawake. Watafiti walipozingatia umri, hatua ya ugonjwa na matibabu, pengo lilipungua lakini halikuisha. Sehemu yake inatokana na tiba yenyewe kushonwa kwa kipimo cha wanawake.

Upasuaji hauna utata: mara nyingi titi lote hutolewa, na tezi za kwapa hukaguliwa. Mionzi na dripu za kemikali hutolewa kwa anayezihitaji. Muhimu zaidi ni kwamba saratani hizi kwa wanaume, kwa zaidi ya asilimia 90, zina vipokezi vya estrojeni. Zinaishi kwa ule upande ulioelemea wa mizani. Kwa hiyo tamoxifen, kidonge cha bei nafuu kinachoziba vipokezi hivyo, huwafaa takriban wote, kila siku kwa miaka mitano. Kinaleta joto la ghafla mwilini, kuganda kwa damu kwa wachache, na kupungua hamu ya tendo la ndoa. Hili la mwisho wanaume hawalisemi kwa daktari. Huacha tu vidonge. Katika hospitali ya MD Anderson, Houston, takriban mmoja kati ya watano aliacha kwa sababu ya madhara. Daktari anayeandika dawa hii bila kuligusa suala hilo tangu siku ya kwanza ameandika nusu ya dozi.

Wanawake waliokoma hedhi hupewa anastrozole au letrozole, zinazozuia aromatase. Kwa mwanamume peke yake hazitoshi, maana korodani huendelea kuzalisha homoni na ubongo huzisukuma zaidi. Lazima ziambatane na sindano ya kuzituliza korodani. Tofauti hii ilichelewa kueleweka kwa sababu majaribio ya dawa yaliwafungia wanaume mlango kwa miaka mingi. Marekani iliporuhusu dawa ya palbociclib itumike kwa wanaume mwaka 2019, ilitegemea mafaili ya wagonjwa waliokwisha kuitumia, kwani jaribio la wanaume halikuwapo.

Wakitibiwa mapema, huishi. Richard Roundtree, mwigizaji wa filamu ya Shaft, alitolewa titi mwaka 1993. Alifariki mwaka 2023, kwa saratani ya kongosho.

Limebaki suala la damu na ukoo. Jeni ya BRCA2 ikiwa na hitilafu, mwanamume huwa na uwezekano wa takriban 4 hadi 7 kwa 100 wa kupata saratani ya titi maishani, wakati wa wanaume wengine ni kama mmoja kwa 1,000. Tezi dume na kongosho navyo huingia hatarini. Nchini Iceland hitilafu moja ya jeni hiyo, iliyorithishwa tangu zamani, imekutwa kwa takriban asilimia 40 ya wanaume wenye saratani ya titi. Kwa kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, mwenye jeni yenye hitilafu humrithisha kwa nafasi ya nusu kwa nusu.

Binti akiulizwa kliniki kama kuna saratani ya matiti kwao, atamtaja mama, bibi mzaa mama, mama mdogo. Upande wa baba husahaulika, kana kwamba titi hurithiwa kwa mama tu. Baba anaweza kuibeba BRCA2 yenye hitilafu maisha yake yote bila kuota hata kipele, akampa binti yake. Shangazi wawili waliofariki kwa saratani ya matiti au ya ovari wana uzito uleule wa mama wadogo wawili, na baba mwenye saratani ya titi ana uzito zaidi ya hao. Kwa sababu hiyo mwanamume aliyegundulika anatakiwa kuwaambia wanawe, dada zake na kaka zake, hata kama angependa lisitoke nje ya chumba. Kipimo cha jeni bado ni ghali na mara nyingi sampuli husafirishwa nje, lakini historia ya ukoo peke yake inatosha kubadili ratiba ya uchunguzi. Kwa anayejulikana kuwa na hitilafu hiyo, wa kike huanza kupigwa picha za MRI za matiti akiwa na miaka 25 badala ya kusubiri 40, na wa kiume huanza kujipapasa kifua kila mwezi, na kukaguliwa na daktari kila mwaka, akifika 35.